Tundu la Ganda Halipigwi, Linasagwa

Assalamu alaykum, kina mama. Na nyie vijana mliosimama nyuma, karibuni mkae, mikeka ipo.

Nimeombwa nizungumzie kutoboa maganda ya pwani kwa mkono. Kwanza pokezaneni hili ganda la kombe. Mnaliona tundu? Duara safi, kwa nje pana, kwa ndani jembamba. Sikulitoboa mimi. Yupo konokono anayejifukia mchangani. Akimpata kombe humkumbatia, akalitia ganda tindikali kidogo lilainike, akaliparuza kwa ulimi wenye meno, saa baada ya saa, mpaka apate pa kumlia. Hana nyundo huyo. Nanyi mkija kwangu, kitu cha kwanza kutoka mkobani ni nyundo na msumari!

Sicheki mtu, nami nilianza hivyohivyo. Nilivunja karai zima la chaza. Ganda ni chokaa iliyopangwa tabaka juu ya tabaka; ukiligonga, ufa hukimbia, na ule upande unaong'aa hubanduka magamba magamba.

Basi tunasaga. Kombe, lisugue kisogoni, pale palipotuna karibu na bawaba, juu ya saruji yenye mikwaruzo au tupa, na maji yasikauke. Likianza kuwa jembamba punguza mkono, tundu litafunguka lenyewe. Kauri nazo husuguliwa mgongo. Ndiyo maana kauri nyingi kuukuu mnazoziona zimeshonewa vitu hazina mgongo.

Kazi hii hatukuianza sisi. Kule Tumbe, Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua maelfu ya vigae vyenye mifereji, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Inaaminika ndimo shanga za maganda zilimosuguliwa. Vigae vya vyungu vilivyovunjika, jamani! Halafu mtu aniambie hana mashine.

Chaza bapa anataka keekee. Chukua ncha ya milimita 2, izungushie kitambaa mwishoni, uishike kwa vidole. Laza ganda juu ya kifuko cha mchanga mbichi, upande wa ndani ukutazame. Kwaruza alama kwa msumari, ncha isiteleze, ndipo uzungushe. Usikandamize. Ukiona kidoa kinatokeza upande wa pili, geuza umalizie huko, la sivyo ukingo utameguka. Na msitoboe pembeni kabisa mwa ganda. Acheni kama milimita 5.

Maji nayataja sana kwa sababu ya vumbi. Vumbi la ganda likiingia kifuani halina mchezo. Usilipulize kwa mdomo. Futa kwa kitambaa kibichi.

Siki? Inalainisha, kweli, ila inakula na mng'ao. Utabaki na tundu zuri kwenye ganda lililopauka.

Kuna bibi harusi mmoja nilimuuzia kidani, kikamkatikia katikati ya ngoma. Uzi ulikuwa mzima. Makali ya tundu ndiyo yaliyoukata. Tangu siku ile nasokota msasa mwembamba, naulowesha, naupitisha tunduni kwanza.

Okoteni maganda matupu tu. Yule kome mwenye umbo la pia, akiwa hai, ana sumu. Wengine wa aina yake huua mtu.

Haya, mwanangu, niletee lile karai la maji. Nani anaanza?