Johnny Smythe wa Freetown: Kabla ya Vita, Vitani na Baada ya Vita

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa Tanga, mabibi na mabwana,

Mji huu unaijua vita. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza na Wahindi yaliteremka Ras Kasone yakashindwa, nasi tumekua tukisimuliwa habari za nyuki waliowavamia askari vitani. Na katika Vita Kuu ya Pili vijana wa nchi hii walivaa sare za KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakapelekwa hadi Burma. Urubani, hata hivyo, haukuwa wa Mwafrika. Hadi Oktoba 1939, kanuni za Jeshi la Anga la Uingereza zilimtaka ofisa awe mtu wa asili ya Ulaya tupu, na sharti hilo halikuondolewa kwa huruma bali kwa sababu vita vilihitaji watu.

Johnny Smythe, aliyezaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka 1915, alikuwa miongoni mwa waliojitolea. Alikwenda Uingereza akafunzwa kazi ya kuongoza njia ya ndege, na naomba mniruhusu nikae kidogo hapa, kwa sababu kazi hii haithaminiwi inavyostahili. Ndege ya mabomu aina ya Stirling ilibeba watu saba, ikaruka usiku juu ya nchi iliyozimwa taa zote. Mwongoza njia alikaa na ramani, dira na saa, akipiga hesabu ya mwendo na upepo tangu kuondoka hadi kurudi. Manahodha waliomo humu wanaielewa hesabu hiyo: jahazi linalotoka hapa kwenda Pemba wakati wa kusi huelekezwa kusini kidogo, maana upepo utalisukuma. Smythe aliifanya huku makombora ya mizinga yakilipuka pande zote, na akikosea yeye, wenzake sita walipotea naye.

Stirling yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa: haikuweza kupanda juu kama Lancaster, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, hivyo mizinga ya ardhini iliifikia kwa urahisi zaidi. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1943, katika shambulio la mji wa Mannheim, Ujerumani, ndege ya Smythe ilitunguliwa. Akiwa na majeraha ya vipande vya makombora, aliruka kwa mwavuli, akajificha ghalani, akakamatwa na Wajerumani, ambao walishangaa kumwona ofisa mweusi. Siku chache tu baadaye Stirling ziliondolewa katika mashambulio ya Ujerumani. Naumia kila ninapozilinganisha tarehe hizo.

Alifungwa katika kambi ya maofisa mateka huko Barth, kaskazini mwa Ujerumani. Aliwasaidia wenzake waliopanga kutoroka, ingawa yeye mwenyewe, kwa rangi yake, hangeweza kujificha miongoni mwa wanavijiji wa huko. Jeshi la Kisovieti liliifikia kambi hiyo Mei 1945. Katika watu wapatao 125,000 walioruka katika ndege za mabomu za Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa. Yeye alibaki hai.

Wasimulizi wengi huishia hapo, nami siafikiani nao hata kidogo. Smythe alikuwa na miaka karibu 30 tu, na nusu karne ilikuwa mbele yake. Alibaki Uingereza akiwahudumia wanajeshi wa anga waliotoka Karibi na Afrika, akawatetea mbele ya mahakama za kijeshi, na ni katika utetezi huo kipaji chake cha sheria kilipoonekana. Mwaka 1948 alikuwa ofisa ndani ya meli ya Empire Windrush, iliyowaleta Uingereza mamia ya Wajamaika waliotafuta kazi, wengi wao wakiwa wapiganaji wa zamani kama yeye. Kisha akasomea uwakili, akarudi Freetown, akapanda hadi kuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.

Alifariki mwaka 1996. Wazee wetu wa KAR nao walikuwa na maisha ya namna hiyo, kabla na baada ya Burma: mashamba ya mkonge, bandari, reli, madarasa. Wengi wao hawakuulizwa. Wajane na watoto wao wangali hapa Ngamiani, Chumbageni na Pangani, nao ndio ninaoomba tuanze kuwasikiliza.