Acheni Mzizi wa Mkwaju Ushuke

Ndugu zangu, jua la Januari hapa Dar mnalijua, faida ya kivuli sina haja ya kuwaeleza. Nazungumzia mzizi. Nimeshalisema sana na nitaendelea kulisema, maana kila masika tunapanda mikwaju ambayo imeshaharibiwa kitaluni.

Mbegu ya mkwaju ikiota hutanguliza mzizi mkuu, nao hushuka kwa kasi. Sasa mtu anaitia kwenye kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea miche, chenye kina cha sentimita 15, anauacha mche mwaka mzima eti ukomae. Mzizi unagota chini, unakosa njia, unajizungusha. Ukishajizungusha haunyooki tena. Utaona majani miaka miwili, mitatu, halafu kiangazi kirefu kinaukausha au upepo wa kusi unaulaza. Hapo lawama unabebeshwa mchanga wa Mbagala. Mchanga hauna kosa! Mkwaju unauweza mchanga. Usichoweza ni maji yaliyotuama. Wa mabondeni kule Jangwani, pandeni mkuyu.

Kwa hiyo, ukiweza, panda mbegu palepale mti utakapokaa, mita 10 kutoka nyumbani. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo na nusu debe la samadi iliyooza, rudishia. Chukua mbegu za ukwaju ulioiva (zilizochemshwa kwa juisi zimekufa), zioshe, ziloweke usiku kucha. Mvua zikishika, fukia tatu, kina cha sentimita 2. Zikiota, bakiza mche wenye nguvu. Mingine ikate kwa mkasi, usiing'oe, utatikisa mizizi ya unaobaki. Ukilazimika kutumia kiriba, kiwe na kina cha sentimita 30, kisogeze kila wiki mbili mzizi usizame ardhini, na mche ukifika magotini uhamishe. Kiriba kichane chote.

Najua yupo anayewaza, “Mkwaju una majini.” Anayelia usiku kule juu kama mtoto ni komba, kafuata wadudu na matunda. Mwacheni ale. Tumbili naye hula ukwaju, na maua yakichanua nyuki hujaa. Mnataka viumbe hawa waishi wapi, kwenye kuta za matofali?

Muda unanibana. Mbuzi: zungushia miiba. Maji: ndoo ya lita 20 kila wiki, viangazi viwili vya mwanzo, na matandazo (majani makavu ya kufunika udongo) yasiguse shina. Na mnaposakafia ua, saruji isikaribie shina. Acheni walau mita moja kila upande.