Nimekuja Uyole na soketi namba 54, leo tunabadilisha beringi za mbele za Hilux ya mzee

Haya wanangu mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli, leo msitafute theluji nyuma yangu maana haipo, leo sipo kule Minnesota, Marekani, nipo Uyole nyumbani kwa mzee, na hii baridi mnayoniona nimejikunyata nayo ni ya hapahapa Mbeya, Julai, saa moja asubuhi. Kuna watu kila siku mnaniandikia eti we si umezoea baridi. Jamani kule ndani kuna hita, huku hita ni chai ya mama.

Asa hii gari nyuma yangu ni Hilux ya zamani, LN106, ile ya eksili nzima mbele na springi, injini ya dizeli inayoitwa 3L. Kazi yake inajulikana mtaa mzima, inatoa viazi Isyonje inaleta Uyole, na viazi vyenyewe sio vya kupima kwa adabu, ni lumbesa, gunia limevimba mpaka limeota kichwa. Juzi nimepanda na mzee kwenda Igawilo nikasikia wuuuu, kadiri anavyoongeza mwendo na yenyewe inapanda. Nikamuuliza baba hii sauti vipi, akasema matairi hayo. Nikamwambia basi kata kona kulia kidogo, ikazidi. Kata kushoto, ikapungua. Tairi halichagui kona namna hiyo baba. Ukikata kulia uzito wote unahamia kushoto, kwaiyo anayelia ni beringi ya kushoto.

Akasema sawa, nimpigie fundi. Nikamwambia fundi ni mimi. Akaniangalia weee, akasema "nimekusomesha uje ulale chini ya gari?" Mzee wangu shikamoo, lakini kule nilipo gereji inakudai zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya kazi, hapo spea bado, ndo maana nimejifunza kulala chini ya gari.

Haya tuanze. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, weka mawe matairi ya nyuma, chini ya jeki weka ubao maana huu udongo wetu unabonyea, na ukishanyanyua usiamini jeki peke yake, weka stendi au gogo zima. Alafu shika tairi juu na chini ulitikise. Mnaona linavyocheza? Sasa usikimbilie kununua beringi, mwambie mtu akanyage breki ulitikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi ya tairi, ukibaki ni zile beringi za kingpini kwenye nako, pale tairi linapogeukia ukikata kona, hiyo ni habari nyingine na pesa nyingine. Hapa dogo amekanyaga, umepotea. Safi.

Kutoa tairi na kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, sina haja ya kuwaelezea, ila kalipa usiiache inaning'inia kwenye bomba la breki, ifunge na waya. Alafu ile loki ya katikati ya tairi, ya kuzungusha kwa mkono ukitaka foo-wili, toa sakilipu, kile kipete cha kubania, toa nati zake sita, na zile washa za kama koni zinakua zimeng'ang'ania, usizipige kwa hasira, gonga taratibu kwa kipande cha shaba pembeni zitaruka zenyewe. Usizipoteze tu.

Hapa sasa ndo nilitaka mfike. Leteni kamera. Mnaiona hii nati? Ilitakiwa iwe na kona, imebaki mviringo kama andazi. Hii imefungwa kwa patasi na nyundo, mara ngapi sijui, na fundi aliyefanya hivi simtaji. Wengi wanafanya hivyo kwasababu hawana soketi yake, namba 54, ndo hii hapa. Nimeibeba kutoka Marekani, begi lilizidi uzito nikatoa viatu vya mama, soketi ikabaki. Mama bado hajanisamehe, na mnisaidie asione hii video.

Shida ya patasi sio kuharibu nati tu. Ni kwamba huwezi kujua umekaza kiasi gani. Ukilegeza sana beringi inacheza inajipiga yenyewe, ukikaza sana inapata moto, grisi inayeyuka inakimbia, chuma kinasagana na chuma. Mi naona beringi nyingi huku tunazilaumu kwamba ni feki (na feki zipo, sikatai) wakati zimeuliwa siku ya kufungwa.

Haya tumetoa habu, hiki kitovu cha tairi kinachobeba beringi, na diski yake. Tazama grisi. Imekua nyeupe kama chai ya maziwa, hayo ni maji. Unateremka mlima umeshikilia breki, habu imechemka, alafu unaingia mtoni au kwenye dimbwi, ile hewa ya ndani inapoa ghafla inasinyaa na inavuta maji kupitia sili iliyochoka. Mvua ya Rungwe mnaijua. Na hii rola, ipitishe kucha, unasikia vishimo? Pale imebabuka kabisa, na huu ubluu ni moto.

Kila upande una beringi mbili, ya ndani na ya nje, na kila moja ina kikombe chake, ile pete iliyobanwa ndani ya habu. Vikombe lazima vitoke! Usiweke beringi mpya kwenye kikombe cha zamani, zimetengenezwa zikae pamoja. Gonga kikombe kwa nyuma, huku kidogo, kule kidogo, kisiende upande. Kipya ukikiingiza tumia kile cha zamani kama cha kugongea, na sikiliza, mlio ukibadilika ukawa mzito kama unagonga jiwe kimefika chini. Na hizi rola zilizochongoka kidogo ni kazi ya mzee mmoja Henry Timken, alikua mtengenezaji wa magari ya farasi Marekani, akapata hataza yake, yani haki ya mvumbuzi, mwaka 1898, kwasababu mkokoteni ukikata kona ulikua unasukumwa kwa pembeni, shida ileile ya lumbesa.

Osha habu na dizeli, kausha vizuri, grisi ya zamani na mpya usichanganye. Kupaka grisi sio kupaka kama Vaseline kwa juu, weka bonge kwenye kiganja, ikandamize beringi kwa ile sehemu pana mpaka grisi itokee upande wa pili kati ya rola na rola, zungusha, endelea. Sili mpya, usibanie, hiyo ni hela ndogo.

Asa kukaza. Kaza nati mpaka kama Nm 60 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukazia) huku mtu anazungusha habu mbele nyuma ili rola zikae, alafu ilegeze kabisa, alafu ukaze kidogo. Kiasi gani kidogo? Mamaaa, naomba mzani! Huu ni mzani wa kuning'iniza wa kupimia maharage, wa mama. Ning'iniza ndoano kwenye bolti ya tairi, vuta, usome pale habu inapoanza kuzunguka. Tunataka kilo 3 mpaka 5 hivi. Ya kwanza imesoma 2, kaza kidogo... 4. Hapo hapo. Washa ya kulokia, nati ya pili nayo kama Nm 60, pima tena maana nati ya pili huwa inabadilisha kidogo, alafu kunja sikio moja la washa ndani na jingine nje.

Mzee ametoka nayo kuelekea Mlima Nyoka, nimemwambia akirudi tushike habu, ikiwa vuguvugu ni sawa, ikiunguza mkono nimekaza sana tunafungua upya.

...Huyo anarudi. Hamsikii kitu eeh? Kimya. Baba vipi? Hajibu. Ameshuka, ameshika habu ya kushoto, sasa anazunguka mbele... anashika ya kulia, ile ambayo sijaigusa. Anaitikisa.

Mama, huo mzani usiurudishe ndani kwanza.