Droni kwenye maafa: kibali kiwe tayari kabla maji hayajaja

Jamani asanteni, naomba niingie moja kwa moja kwenye vibali vya kurusha droni, hizi ndege ndogo zisizo na rubani ndani, wakati wa maafa, maana ndo panapouma. Kwamba droni zinasaidia, hilo halina ubishi tena. Kimbunga Idai kilipopiga Msumbiji Machi 2019 zilirushwa kuangalia maji yamefika wapi na nyumba zipi zimebomoka, sasa kwa miguu ungezungukaje huko na barabara zimekatika?

Shida ni anga. Nepal baada ya lile tetemeko la Aprili 2015 timu za droni zilimiminika toka nje, zingine za maana kabisa, zingine zimekuja kuchukua video tu, mpaka serikali ikabana, hurushi bila ruhusa. Mimi serikali naielewa. Helikopta za uokoaji zinaruka chini, hukohuko droni zinakopita. Na Januari 2025 moto wa Los Angeles, droni ya mtu binafsi iligonga ndege ya kuzimia moto ikaitoboa bawa, ndege ilitua salama lakini ikabidi ipaki wakati moto bado unawaka! Hilo linaniuma mpaka leo.

Lakini kubana peke yake hakuokoi mtu. Nchi nyingi sheria ni ileile, usipite mita 120 kwenda juu na droni uwe unaiona kwa macho yako, sawa kwa siku za kawaida, ila kijiji kilichozingirwa na maji kiko kilomita 30 mbele utakionaje kwa macho? Kwa hiyo kibali cha dharura kiandikwe mapema, marubani wasajiliwe na wapimwe mapema, na siku ya tukio awepo mtu mmoja anayesema nani aruke saa ngapi, helikopta ikiingia droni zote chini. Malawi na UNICEF walifungua anga maalumu ya majaribio Kasungu mwaka 2017, yaani watu wakazoea kazi wakati hakuna anayezama, na hiyo ndo njia ninayoipigia debe.

Halafu picha zinazopigwa na droni. Watu wamepoteza kila kitu, kinakuja kitu kinanguruma juu ya vichwa vyao, hawajui ni cha nani. Waambiwe kwanza, redio ipo, viongozi wao wapo. Na kanuni itaje picha zinatunzwa na nani na zinafutwa lini, maana picha ya kambi ya wakimbizi ikifika kwa wanaowawinda, inakuwa ramani ya kuwafikia. Penye vita mimi nasema droni zisirushwe kabisa, kama pande zote hazijakubali.