Rula kwanza, kompyuta baadaye

Waganga, wauguzi, masista, nanyi wanafunzi, asanteni. Hapa Goma vidonda tunavijua: vya risasi, vya moto, vya pikipiki. Leo tunazungumzia kuandika habari za kidonda kwenye kompyuta badala ya daftari, na nashika kile cha mguu wa mwenye kisukari, maana ndicho kinachotudanganya zaidi. Sukari ikishaharibu mishipa ya fahamu, mgonjwa hasikii uchungu, basi halalamiki.

Tazameni fishi hii, karatasi ya mgonjwa, jina nimelifunika. Jumatatu: “Kidonda safi, bandeji imebadilishwa.” Jumatano: “Kinaendelea vizuri.” Ijumaa, mwandiko mwingine: “Idem,” yaani vile vile. Idem na nini? (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mmeshaiandika.

Fomu ya kielektroniki iliyotengenezwa vizuri haipokei idem. Inadai urefu, upana, kina, rangi ya nyama kama ni nyekundu, njano au nyeusi, usaha, harufu, hali ya kingo. Kisha picha, rula ikiwa pembeni. Urefu tupime kutoka upande wa kichwa kwenda wa miguu, upana uukate urefu huo kwa pembe mraba. Mmoja wetu akipima kwa mshazari, mchoro utasema kidonda kimekua, kumbe ni rula iliyogeuka.

Tuseme leo ni sentimita 4 kwa 3, yaani 12 za mraba. Baada ya wiki 4 ni 3 kwa 2, yaani 6. Kimepungua nusu, tunakwenda vizuri. Kidonda cha kisukari kisipopungua nusu kwa wiki hizo 4, mara nyingi hakitafunga ifikapo wiki ya 12. Hapo kubadilisha dawa ya kupaka hakutoshi: papasa mapigo ya damu mguuni, kagua kiatu, pima sukari, chunguza kama mfupa umeingiliwa. Programu ya kompyuta huchora yenyewe mstari wa jinsi kidonda kinavyopungua. Daftari linataka mtu wa kufunua kurasa za nyuma, na kwenye zamu ya usiku mtu huyo hayupo.

Naam, mama wa pale nyuma? Umeme ukikatika? Tableti ihifadhi bila intaneti, itume baadaye. Na karatasi zenye visanduku vile vile zikae drooni. Mimi umeme haunitishi sana. Picha ndizo zinanitisha: miguu ya wagonjwa kwenye simu zetu, katikati ya picha za harusi, na kutoka hapo kwenye makundi ya WhatsApp. Omba ruhusa, usipige uso, picha iingie kwenye faili na simuni isibaki.

Sasa kaeni wawiliwawili. Mguu huu wa plastiki utazunguka, kila mtu apime bila kumwonyesha mwenzake, halafu tusome namba kwa sauti.