Lugha ya Pili kwa Mtoto wa Kanda ya Ziwa

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wa uzamivu, poleni na masomo. Wengine naona mmetoka moja kwa moja kwa wasimamizi wenu. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa tasnifu za ufundishaji wa lugha ya pili na lugha za kigeni. Duniani mkondo unafahamika. Zamani mtafiti alilinganisha lugha mbili, akabashiri mwanafunzi atakosea wapi. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder akasema kosa ni ushahidi wa kanuni ambazo mwanafunzi anajijengea mwenyewe. Siku hizi wengi wanamchunguza mwalimu, utambulisho wa mwanafunzi, na jinsi lugha zinavyochanganywa darasani.

Sisi je? Tumeng'ang'ania Kiingereza cha sekondari. Sababu ipo: tangu ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania tunajua wanafunzi wengi hawaimudu lugha wanayofundishiwa. Ila mapendekezo ya utafiti ninayoletewa ni yale yale: mtazamo wa wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu Kiingereza, hojaji, asilimia, ushauri kwa serikali. Na hojaji yenyewe iko kwa Kiingereza! Unampa mtoto karatasi asiyoielewa, umuulize kama anaelewa.

Nendeni darasa la kwanza, vijijini Magu au Kwimba. Mtoto katoka nyumbani na Kisukuma, lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadili maana, yenye irabu saba. Mwalimu anasema "rudia", mtoto anaitikia "ludia", wenzake wanacheka, naye hafungui mdomo tena mpaka kengele ya saa nne. Kwake lugha ya pili ni Kiswahili. Kiingereza kitakuwa cha tatu. Kwenye tasnifu zetu anahesabiwa mzawa wa Kiswahili, kana kwamba ndiyo lugha yake ya kwanza, basi. Ukerewe, kwa mtoto wa Kikerewe au Kijita, mambo ni hayo hayo.

Kukaa darasani muhula mzima kunachosha, na ada inakimbia, nalijua hilo.

Kama darasa limekushinda, soko la samaki na dagaa la Mwaloni Kirumba, Mwanza, si mbali. Wanunuzi wa dagaa wanatoka Kongo na Burundi. Mwingine anafika na Kirundi chake na Kifaransa kidogo, baada ya muda anabishania bei ya gunia kwa Kiswahili cha hapa hapa. Hana silabasi wala mtihani. Kajifunzaje, kutoka kwa nani, kaanza na maneno yapi? Anayelitaka hilo aombe ridhaa ya wenyewe, aende na kinasa sauti alfajiri mnada unapoanza, kisha aje ofisini kwangu. Hojaji aiache nyumbani.

Karibuni maswali.