Haikuwa Bahati: Leonard Bernstein na Kazi ya Msaidizi

Walimu wenzangu wa kwaya, nawashukuru kwa kuja. Na ninyi wasaidizi mlioketi kule nyuma, sogeeni mbele, maana habari hii ni yenu hasa.

Kila ninapomtaja Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra na mtunzi wa Marekani, kuna mtu ananiwahi: "Aa, yule kijana aliyepata bahati!" Nimelisikia hilo mpaka limenichosha. Kwamba alizaliwa Lawrence, Massachusetts, mwaka 1918, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Ukraine, hayo mnayajua. West Side Story, mchezo wa jukwaani alioutungia muziki, mmeisikia. Mimi nataka tuiangalie siku moja, Jumapili ya tarehe 14 Novemba 1943.

Alikuwa na miaka 25, msaidizi wa kiongozi wa okestra ya New York Philharmonic. Asubuhi simu inalia: Bruno Walter, kiongozi mgeni, ameshikwa na mafua makali. Kiongozi mkuu, Artur Rodzinski, yuko nje ya mji, na huko theluji imeanguka. Onyesho ni alasiri hiyohiyo, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na redio ya CBS inalirusha nchi nzima. Mazoezi hakuna. Kijana anakwenda kwa Walter, anamkuta amejifunika mablanketi, wanapitia nota pamoja: hapa napunguza mwendo, pale nawaingiza hivi. Basi.

Kazi ya kwanza siku ile ilikuwa utangulizi wa Manfred, wa Robert Schumann. Unaanza na pumziko! Pigo la kwanza ni kimya, kisha okestra inaingia nje ya pigo, mara tatu, kwa kasi. Kiongozi anashusha mkono na hakuna sauti inayomjibu. Akisita hata kidogo, mmoja anawahi, mwingine anachelewa, na onyesho limeharibika kabla halijaanza. Kijiti cha kuongozea hakuwa nacho. Miaka ile aliongoza kwa mikono mitupu. Akashusha mkono, wakaingia. Mbele yake bado ilikuwapo Don Quixote ya Richard Strauss, muziki unaosimulia hadithi kwa vyombo, ambamo selo, chombo kikubwa cha nyuzi, ni bwana, na viola, kilicho kidogo zaidi, ni mtumishi wake, na ukipotea kwenye nota huna pa kujishikiza. Kesho yake habari ilikuwa ukurasa wa kwanza wa New York Times.

Mtaniuliza: je, Walter asingeugua? Sawa, mafua yalimfungulia mlango. Lakini mafua hayamfundishi mtu Don Quixote kati ya asubuhi na alasiri. Msaidizi alitakiwa azijue kazi zote za wiki kana kwamba yeye ndiye atakayesimama, hata kama msimu mzima utakwisha bila kuitwa. Na kabla ya hapo alishapita Harvard, akasomea uongozaji kwa Fritz Reiner katika chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, kisha kwa Serge Koussevitzky kwenye masomo ya muziki ya kiangazi kule Tanglewood, Massachusetts. Baba yake aliuza bidhaa za nywele na alitaka mwanawe aingie kwenye biashara. Alipokataa kulipia masomo ya piano, mtoto akafundisha watoto wenzake ili apate ada. Hiyo ndiyo mnaiita bahati?

Nakasirika kwa sababu nimeyaona kwetu. Mwalimu wa kwaya moja niliyoimba alilazwa siku ya Ijumaa. Jumapili hatukuimba. Msaidizi alijua besi yake tu, na kosa halikuwa lake: miaka minne alikuwa akibeba daftari la mahudhurio na kupanga viti. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Leo simama wewe, mimi nakaa."

Bernstein alipopanda hakuwaacha watu chini. Tarehe 14 Novemba tena, mwaka 1954, kwenye televisheni, ukurasa wa kwanza wa Simfonia ya Tano ya Beethoven ulichorwa sakafuni, mkubwa kabisa. Akasimama juu yake, na wapigaji wakasimama kila mmoja kwenye mstari wa chombo chake. Akaonyesha kwamba Beethoven alikuwa ameandika filimbi mwanzoni, kisha akaikata, na akaeleza kwa nini sauti ile nyororo haikufaa pale. Mtu asiyejua nota hata moja aliona kwa macho yake mtunzi akichagua. Wapo wanaosema kumweleza mtu wa kawaida ni kuushusha muziki. Waulizeni wamemfundisha nani.

Kisha maonyesho ya vijana, vipindi 53 kuanzia mwaka 1958 hadi 1972. Mwaka huohuo wa 1958 alishika uongozi mkuu wa New York Philharmonic, Mmarekani wa kwanza mzaliwa wa nchi hiyo kupewa kiti hicho. Nilitaka kusema juu ya Chichester Psalms, zaburi alizozitungia muziki mwaka 1965, ambazo zinaimbwa kwa Kiebrania na ambazo kwaya zenu zingezipenda, lakini naonyeshwa saa. Na Berlin, Krismasi ya 1989, ukuta uliougawa mji umefunguka, akaongoza Simfonia ya Tisa ya Beethoven na waimbaji wakatamka "uhuru" mahali pa "furaha". Mwezi Oktoba 1990 akafariki.

Inatosha. Wasaidizi watano, njooni hapa mbele. Walimu wenu watakaa. Nitashusha mkono kwenye pumziko, mtapiga makofi matatu baada yake, kisha kila mmoja wenu atashika nafasi yangu. Wewe wa shati la bluu, anza.